Pikipiki Imetoka kwa Fundi, Breki ya Mbele Inalia: Tuanzie Wapi?

(Maelezo ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika, waendeshaji wa pikipiki za kazi na wageni kutoka sharika rafiki)



Tumepewa nafasi ya kuzungumzia matunzo ya pikipiki za miradi. Somo lenyewe ni pana, na tukitaka kulimaliza lote tutalala hapa. Kwa hiyo tumechagua jambo moja tu ambalo limeleta maswali mengi kutoka sharikani, nalo ni kelele ya breki ya mbele baada ya pikipiki kuanguka na kutengenezwa. Wapo watakaoona kwamba hili ni jambo la mafundi. Lakini anayesaini hati ya malipo ya fundi ni mhazini wa usharika, na anayempa mwinjilisti ufunguo aende mtaani kilometa thelathini ni kamati. Hivyo ni vema kamati nayo ijue inasaini nini.

Kwanza tuseme juu ya breki ya mbele yenyewe. Waendeshaji wetu wengi wanaiogopa. Wamefundishwa kijiweni kwamba breki ya mbele inamrusha mtu, na wengine huilegeza waya hadi isishike kabisa, wakabaki na ya mguu tu. Ukweli ni kwamba pikipiki inapofunga breki uzito husogea mbele, gurudumu la nyuma huwa jepesi na huteleza kirahisi. Sehemu kubwa ya nguvu ya kusimamisha hutoka mbele. Mtu anarushwa akiikamata ghafla na kwa nguvu, au akiikamata kwenye kona au kwenye mchanga, lakini akiikaza kidogo kidogo huku gurudumu limenyooka, ndiyo itakayomwokoa mtoto akikatiza barabara. Kwa hiyo breki ya mbele inayolia si suala la kero ya masikio peke yake. Mwendeshaji akisikia kelele huacha kuitumia, na hapo tumerudi kwenye breki moja.

Sasa pikipiki imeanguka. Imepelekwa kwa fundi, usukani umenyooshwa, taa mpya, madigadi mpya, imepakwa rangi. Inarudi inang'aa. Mwinjilisti anaondoka nayo, na siku ya tatu anarudi anasema, "Inalia mbele." Fundi anabadilisha pedi. Inatulia wiki moja, inalia tena. Fundi anabadilisha pedi tena. Mhazini analipa tena. Hadithi hii tumeisikia kwa sura mbalimbali, na karibu kila mara tatizo halikuwa pedi.

Kabla hamjampelekea fundi, muulizeni mwendeshaji maswali machache, tena mwandike majibu yake. Je, kelele inakuja akishika breki, au ipo hata asiposhika? Akishika inakoma, au inaongezeka? Je, ni mlio mmoja unaoendelea, au ni kelele ya kukatikakatika inayofuata mzunguko wa gurudumu, kwaru, kwaru, kwaru, na kuharakisha pikipiki inapoongeza mwendo? Je, inasikika kwenye mashimo tu? Majibu haya yana thamani kuliko fundi kuanza kufungua nati.

Mluzi mwembamba unaosikika breki ikishikwa tu, hasa mwishoni pikipiki inapokaribia kusimama, ni mtetemo kati ya pedi na diski. Usitutie hofu haraka. Pedi mpya hulia siku za mwanzo mpaka zikae sawa na diski. Asubuhi yenye umande diski hupata kutu nyembamba na hulia mara mbili tatu, kisha hunyamaza. Lakini mluzi usiokoma baada ya ajali unatutaka tutazame kitu kingine: mafuta. Shokapu za mbele zina mafuta ndani, yanayozuiwa na sili juu ya bomba la chini. Pikipiki ikigonga jiwe au mtaro, bomba hupinda kidogo hata kwa kiasi ambacho jicho halioni, au hupata mkwaruzo, na sili huanza kuvuja. Mafuta huteremka taratibu hadi kwenye breki. Pedi zikishanyonya mafuta hazisafishiki. Tumeona watu wanazichoma kwa moto wa petroli, wengine wanazisugua kwa msasa. Zinafanya kazi siku mbili, kisha yale mafuta yaliyo ndani hutoka tena kwa joto. Hapo fedha ya pedi mpya inapotea bure ikiwa sili haikubadilishwa, kwa sababu pedi mpya zitanyweshwa mafuta yale yale. Njia ya kugundua ni rahisi: futa bomba la shokapu kwa kitambaa kikavu, kandamiza sehemu ya mbele mara kumi huku umeshika breki, kisha pitisha kidole juu ya sili. Kukiwa na duara la mafuta, jibu limepatikana. Diski isafishwe kwa spiriti au dawa ya kusafishia breki, siyo kwa dizeli.

Kelele ya pili ni ile ya kukatikakatika, kwaru, kwaru, inayofuata mzunguko. Hiyo inasema kuna kitu kinachozunguka ambacho hakikunyooka: diski, rimu, au ekseli. Wekeni kreti la soda chini ya injini gurudumu la mbele liwe juu. Fungeni kipande cha waya kwenye shokapu, ncha yake ikaribie diski bila kuigusa, mzungushe gurudumu polepole mkitazama ule upenyo. Kama upenyo unapanuka na kusinyaa, diski imepinda. Fundi mwenye kipimo cha saa atapima kwa usahihi. Vitabu vya pikipiki nyingi huweka mwisho kuwa milimeta 0.3 tu, yaani chini ya unene wa ukucha. Hamishieni waya kwenye rimu mfanye vivyo hivyo. Na hapa tunawaomba mtofautishe: rimu inaweza kuyumba na diski ikawa nzima, na kinyume chake pia. Mwendeshaji mwenye diski iliyopinda atawaambia kwamba liva ya breki inampigapiga vidole akishika. Diski iliyopinda kwa ajali isigongwe kwa nyundo. Tena kwenye diski yenyewe watengenezaji huchonga unene wa chini unaoruhusiwa kwa milimeta. Ikiwa chini ya hapo ibadilishwe hata kama imenyooka.

Kabla ya kuilaumu diski, ondoeni ekseli. Ekseli iliyopinda ni kitu cha bei ndogo na huleta matatizo ya bei kubwa. Ilazeni juu ya kioo cha meza na kuiviringisha. Ikiwa imepinda itarukaruka na mtaona mwanga chini yake. Hatuhitaji mashine. Mzee mmoja wa kanisa ambaye ni seremala alituambia kwamba yeye huviringisha hata misumari kabla ya kuitumia, na tuliona ana hoja.

Ndugu wajumbe, sasa tunafika kwenye lile ambalo tungependa mlikumbuke kuliko mengine, kwa kuwa ndilo linalofichwa na rangi mpya. Shokapu mbili za mbele zimekamatwa na vishikio viwili, cha juu na cha chini, kwa bolti. Pikipiki ikianguka kwa ubavu au ikigonga kwa gurudumu la mbele, shokapu hujisokota ndani ya vile vishikio. Hazikuvunjika, hazikupinda, zimejisokota tu. Dalili yake ni kwamba ukinyoosha gurudumu, usukani unatazama upande. Ukinyoosha usukani, gurudumu linatazama upande. Fundi wa haraka hufanya nini? Analegeza usukani peke yake, anauzungusha ulingane na gurudumu, anakaza. Kwa macho imenyooka. Lakini shokapu bado zimejisokota, ekseli imekaa kwa kulazimishwa, na ile kalipa ya breki iliyofungwa kwenye shokapu haikai sambamba na diski. Pedi moja inagusa kwa ncha ya mbele na nyingine kwa ncha ya nyuma.

Kuna pikipiki ya usharika mmoja iliyokuwa na hali hiyo. Ilikuwa imeangukia kwenye karavati wakati mwendeshaji anakwepa mbuzi. Pedi zilibadilishwa mara mbili. Mara ya tatu tulimwomba fundi asizitupe pedi za zamani bali atuonyeshe. Zilikuwa zimeliwa kama kabari, nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, na ya pili ilikuwa kinyume cha ya kwanza. Pedi zikiliwa namna hiyo hakuna haja ya kubishana. Kalipa na diski hazitazamani. Kazi iliyofuata haikuhitaji kununua chochote. Ekseli ililegezwa, bolti za madigadi zikalegezwa, vishikio vya shokapu vikalegezwa, mtu mmoja akabana gurudumu kwa magoti na mwingine akanyoosha usukani mpaka kila kitu kikawa sawa. Vishikio vikakazwa, ekseli ikakazwa, shokapu zikakandamizwa mara kadhaa zijitafutie mahali, ndipo bolti inayobana ncha ya ekseli ikakazwa, na madigadi ikawa ya mwisho. Utaratibu huo una maana yake: ukianza na bolti ya ncha ya ekseli unaifunga shokapu ikiwa bado imelazimishwa. Kisha pedi mpya, kwa sababu zile za kabari hazifai tena. Ikiwa baada ya hapo shokapu zinakwama zikikandamizwa, au usukani unarudi upande, basi bomba limepinda, nalo litolewe na kuviringishwa kwenye kioo kama ekseli. Bomba lenye kunyanzi au ufa halinyooshwi. Wala lisipashwe moto. Na masikio ya aluminiamu yanayoshika kalipa yakivunjika yasilehemewe kando ya barabara; huo ndio ugomvi wetu wa kila mwaka na baadhi ya mafundi, nasi hatutaulegeza.

Kwenye kazi ile ile tuliona kibushi kinachokaa kati ya gurudumu na shokapu kimewekwa upande usio wake. Vibushi vya kushoto na kulia mara nyingi havilingani urefu. Vikibadilishana, gurudumu zima husogea milimeta chache na diski hukwaruza chuma cha kalipa. Kwa hiyo fundi anapofungua gurudumu, apige picha kwa simu kila upande kabla ya kutoa kitu. Simu zipo, zitumike kwa kazi hiyo pia. Vilevile pikipiki nyingi zina kidude cha waya wa spidi kwenye gurudumu la mbele. Meno yake yasipoingia mahali pake husagika na kutoa sauti inayofanana kabisa na ya breki. Chomoeni ule waya na kusikiliza tena.

Kelele ya kugonga, ngo, mara moja tu unaposhika breki, na ngo tena unapoachia, ni ya kitu kilicholegea. Simameni kando ya pikipiki, shikeni breki ya mbele kwa nguvu, mkiisukuma mbele na nyuma. Mtu mwingine aweke vidole kwenye shingo ya usukani, halafu kwenye kalipa. Atakapousikia mchezo ndipo penye shida. Shingoni ni beringi zilizopondwa na ajali au hazikukazwa. Kwenye kalipa ni bolti zake. Bolti za kalipa zikilegea pikipiki isitembee, isukumwe kwa mkono mpaka kwa fundi.

Kuna kelele isiyokoma hata breki ikiachiwa. Hapo pedi haziachii. Kwenye pikipiki zetu nyingi kalipa ina pistoni upande mmoja, na mwili wake huteleza juu ya pini mbili ili pedi ya upande wa pili nayo ifike kwenye diski. Pini zikipinda au zikikauka grisi, kalipa haitelezi. Sababu nyingine hupatikana juu kabisa, kwenye liva. Liva ya asili imevunjika kwa kuanguka, imewekwa ya kubahatisha inayokandamiza pampu muda wote. Mafuta ya breki yakipata moto hutanuka, hayana pa kurudi, na breki hujikaza yenyewe njiani. Liva lazima iwe na mchezo kidogo kabla haijaanza kusukuma. Kujua kama breki inabana, endesheni kilometa mbili bila kuitumia, simameni, dondosheni matone ya maji kwenye diski. Yakichemka, inabana. Msijaribu kwa kidole.

Mafuta ya breki ni yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo chake, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4. Kuweka mafuta ya injini ni kuharibu sili zote za mfumo. Hili hatutalirefusha.

Pikipiki zenye breki ya dramu, ambazo ni nyingi zaidi vijijini, zina habari yake. Rimu mpya ikisukwa na spoku zikakazwa bila kulingana, habu huvutwa na dramu hupoteza uduara kidogo. Breki hushika na kuachia kila mzunguko. Tiba ni kusuka upya, siyo kubadilisha brekishuu. Mluzi wa dramu mara nyingi ni vumbi, au brekishuu mpya ambazo kingo zake za mbele hazikupunguzwa kwa msasa. Vumbi lenyewe lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, kwa kuwa brekishuu za zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo ni sumu kwa mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Ili brekishuu zikae katikati, fundi alegeze nati ya ekseli, azungushe gurudumu, ashike breki kwa nguvu, na huku ameishikilia akaze nati.

Lakini katika dramu kuna jambo moja la hatari kuliko yote tuliyoyasema leo. Ile sahani inayobeba brekishuu ina mfereji unaopaswa kuingia kwenye kichwa kilichopo kwenye shokapu. Ndicho kinachozuia sahani isizunguke na gurudumu. Gurudumu likirudishwa bila mfereji kuingia mahali pake, pikipiki itatembea vizuri tu, pengine na kelele ndogo ya kugonga. Siku mwendeshaji atakaposhika breki kwa nguvu, sahani itazunguka, itaviringisha waya, gurudumu litafunga ghafla. Ni jambo linalotazamwa kwa sekunde tano kwa macho. Kila mjumbe aliye hapa anaweza kulitazama, hata asiyejua kuendesha.

Sasa juu ya fedha. Wageni wetu mtatuwia radhi tukisema wazi: kupata pikipiki mpya ya mradi kumekuwa rahisi kwetu kuliko kupata fungu la kuitengeneza iliyopo. Pikipiki hupigwa picha siku ya kukabidhiwa. Sili ya shokapu haina picha. Tunaomba maombi ya miradi yanayoandaliwa na sharika yaonyeshe fungu la matengenezo ya baada ya ajali peke yake, lisichanganywe na mafuta ya petroli, na tunaomba marafiki zetu wasilikate. Kwa pikipiki zenye bima kubwa, orodha ya uharibifu itengenezwe gurudumu likiwa limefunguliwa, kabla ya kukubaliana malipo. Ukiorodhesha taa na madigadi tu, ekseli na sili utazinunua kwa sadaka.

Aidha kuanzia sasa ofisi haitapokea hati ya malipo ya matengenezo ya ajali bila vitu vitatu: vipuri vya zamani vilivyotolewa, jina la mjumbe aliyekuwepo pikipiki ilipojaribiwa, na majibu ya mwendeshaji kuhusu kelele baada ya wiki moja. Nusu ya ufundi ilipwe siku ya kuchukua, nusu baada ya wiki hiyo. Tumezungumza na mafundi kadhaa juu ya hilo. Walio wazuri hawakulalamika.

Mwendeshaji naye asiadhibiwe kwa kurudisha pikipiki inayolia. Tumesikia kwamba katika sehemu fulani mwinjilisti aliambiwa anadeka. Akirudisha, pikipiki isimame hadi itazamwe, na kamati imtafutie nauli ya basi kwa siku hizo.

Tumeleta pikipiki moja iliyoanguka mwezi uliopita, ipo nje chini ya mwembe, juu ya kreti. Bado haijaguswa na fundi. Tunaomba tutoke pamoja, akina mama wa kamati za fedha watangulie mbele, na kila mmoja azungushe gurudumu kwa mkono wake atuambie anasikia nini.